Mwili Usiodaiwa ni wa Nani?

Kila tunapoandaa maonyesho ya Wiki ya Uislamu chuoni, ubao wa al-Zahrawi hausahauliki. Pana picha yake akiwa na kilemba (ambayo mchoraji ameibuni tu), na pembeni michoro ya visu, koleo, misumeno midogo na vyuma vya kuchomea. Chini yake maelezo: daktari wa Cordoba, alifariki karibu mwaka 1013, kitabu chake At-Tasrif kina sehemu 30, na ile ya mwisho ni ya upasuaji, yenye michoro ya vifaa takriban 200. Yote ni kweli. Wenzetu wasio Waislamu husimama, husoma, hutikisa kichwa, na sisi tuliobandika karatasi hujisikia vizuri mchana kutwa.

Mwaka huu nilisimamia ubao huo, na swali lililonijia halikuulizwa na mgeni yeyote. Mbele ya visu vile alilala nani?

Naliandika hapa kwa sababu kwetu sisi tunaosomea udaktari Mulago swali hili si la miaka elfu iliyopita. Shule ya udaktari ya Makerere ilianza mwaka 1924, na shule ya umri huo haiwezi kukosa makabati. Kuna vyombo vilivyostaafu, kuna vipande vya nyama za watu ndani ya chupa za dawa, na kuna mifupa. Vyote hivyo kwa lugha ya ofisi ni vifaa. Neno hilo moja limekaa juu ya kisu na juu ya fuvu, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye tatizo lote.

Nianze na kisu. Mwaka 1879 kijana wa Kiingereza aitwaye Robert Felkin, aliyekuwa bado hajamaliza masomo yake ya udaktari, alipita Bunyoro. Mahali paitwapo Kahura alimshuhudia mganga akimpasua mama tumbo ili kumtoa mtoto. Mama alikuwa na umri wa miaka kama 20, na huo ulikuwa uzazi wake wa kwanza. Alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalegea, akafungwa kitandani kwa mikanda ya nguo ya gome. Mganga alinawa mikono kwa pombe hiyo hiyo kisha kwa maji, na tumbo la mama akaliosha vivyo hivyo. (Najua wapo watakaoguna kwa kusikia pombe. Spiriti anayopakwa kila mmoja wetu kabla ya kudungwa sindano ni ndugu yake.) Palipotoka damu paliguswa kwa chuma cha moto. Mtoto alipotoka, jeraha lilifungwa kwa pini saba za chuma zilizong'arishwa vizuri, zikazungushiwa nyuzi za gome; juu yake yakapakwa mavumbo ya mizizi iliyotafunwa, kisha jani la mgomba lililopashwa moto. Pini zilianza kutolewa siku ya tatu. Siku ya 11 Felkin alilikuta jeraha limefunga. Makala yake ilichapishwa Edinburgh mwaka 1884, wakati ambapo huko Ulaya mama aliyepasuliwa namna hiyo mara nyingi alikufa.

Habari hii kila Mganda anayesoma udaktari huisikia mapema, na huisikia kama sifa. Ni haki yetu kujisifu. Lakini itazameni tena. Pini tunajua zilikuwa saba. Tunajua nyuzi zilitengenezwa kwa nini, na kwamba mtoto alipata jeraha dogo la kisu begani. Jina la mama halimo. La mganga halimo. Mwandishi alihesabu vyuma vyote akamwacha aliyechomekwa vyuma hivyo.

Sasa chukueni habari ya pili, iliyo karibu nasi zaidi. Mwaka 1957, hapo hapo Mulago, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Baadaye akamwona mwingine, kisha wengine wengi, na mwaka 1958 akauandika uvimbe ule. Vipande vilivyokatwa kwenye mataya ya watoto vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona ndani yake kirusi ambacho hakuna aliyekuwa amekiona kabla. Leo saratani inaitwa kwa jina la Burkitt, na kirusi kwa majina ya Epstein na Barr. Watoto wengi walipona kwa dawa zilizojaribiwa Kampala, na Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanza mwaka 1967 ni tunda la kazi hiyo. Mimi simlaumu Burkitt hata kidogo. Alizunguka Afrika kwa gari bovu akitafuta watoto ambao hakuna mwingine aliyewatafuta. Nasema tu kwamba anayeangalia chupa za kabatini anasoma majina ya wazungu watatu, na kilichomo ndani ya chupa ni taya la mtoto wa mtu. Katika nchi hii, ambako mataya ya Makabaka yalihifadhiwa kwa heshima katika nyumba zao maalumu, tulipaswa kuwa wa kwanza kuona kwamba taya si kitu cha kuandikiwa namba na basi.

Kisha mifupa. Idara ya anatomia ya Makerere ina mkusanyo wa mifupa ya binadamu uliopewa jina la Profesa Alexander Galloway, ulioanza kukusanywa katika miaka ya 1940. Ni mkusanyo maarufu. Watafiti huupima mafuvu na uti wa mgongo, na sababu yao ni nzuri: vitabu vyetu vingi vinatupa vipimo vya miili ya Ulaya, na daktari anayemdunga mgonjwa mgongoni Kampala anahitaji vipimo vya watu wa Kampala. Sina shaka kwamba wapo wagonjwa wanaotembea leo kwa sababu mtu fulani aliupima mfupa wa mtu fulani.

Mtu yule wa pili alifikaje kwenye sanduku? Kwa njia ile ile ambayo miili mingi hufika kwenye meza za anatomia katika Afrika Mashariki hadi leo: alikufa hospitali, na hakuna aliyekuja kumchukua. Lugha ya kazi inamwita mwili usiodaiwa.

Neno hili limenisumbua kuliko mifupa yenyewe, na sababu ni ya kifiqhi. Tangu madrasa tumefundishwa kwamba maiti ana haki nne juu ya walio hai: kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa. Tumefundishwa pia kwamba haki hizo ni fardhi kifaya. Wakizitimiza baadhi yetu, wengine wameponyoka; zikiachwa, tumeingia dhambini wote tuliojua na tukaweza. Sasa hebu tuliweke neno la hospitali kando ya hukumu hii. Mwili usiodaiwa maana yake ni kwamba mdai ni ndugu wa damu, na ndugu asipotokea, dai limekufa. Sharia haikubali hesabu hiyo. Ndugu asipotokea, dai linahamia kwa jirani. Jirani asipokuwepo, kwa mtaa. Na kadhalika hadi limfikie Mwislamu wa mwisho aliyesikia. Maiti wa Kiislamu asiye na mdai hawezi kuwepo maadamu kuna Waislamu mjini. Akionekana hana mdai, basi sisi ndio tuliokimbia deni.

Najua jibu litakalotolewa, maana nimelitoa mwenyewe mara nyingi ndani ya kichwa changu: bila mifupa hatusomi, na tusiposoma tutawaua walio hai. Jibu hili ni zito, na lina wazee wake katika historia yetu. Abd al-Latif al-Baghdadi alikuwa Misri wakati wa njaa kubwa iliyoanza mwaka 1200. Watu walikufa hadi wakakosa wazishi. Huko al-Maqs palikuwa na kilima cha mifupa, naye akaenda na wenzake kutazama. Tangu Galen, madaktari walikuwa wakisema taya la chini ni mifupa miwili iliyoungana. Al-Baghdadi akatazama mafuvu zaidi ya 2,000 na hakuona kiungo popote; taya la chini ni mfupa mmoja. Akaandika kwamba kile macho yanachokiona ni dalili yenye nguvu kuliko kauli ya Galen. Tunampenda kwa hilo. Lakini mafuvu 2,000 yale yalikuwa watu 2,000 wa Misri waliokufa njaa bila wa kuwazika, wengi wao bila shaka wakiwa wanasali kama yeye. Elimu ilitoka pale. Haiwezekani kusema haikutoka. Na watu wale walibaki kilimani.

Miongo kadhaa baadaye, Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288 na ambaye ndiye wa kwanza kueleza jinsi damu inavyopita mapafuni, alisema alijizuia kupasua maiti kwa sababu mbili: sharia, na huruma iliyomo ndani ya tabia yetu. Wanahistoria wanabishana kama kweli alijizuia. Mimi kinachonivuta ni ile sababu ya pili. Angeweza kutosheka na sharia. Akaona aongeze huruma, kana kwamba alijua kuna siku mafakihi wataruhusu, na daktari atabaki na nafsi yake.

Na kweli waliruhusu. Mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Makka, lililo chini ya Rabita, lilikubali kupasuliwa kwa maiti kwa ajili ya mafunzo ya udaktari, kwa masharti: awe ameridhia kabla ya kufa au warithi wake wameridhia, kusikatwe zaidi ya haja, heshima ya maiti itunzwe, na viungo vyote vizikwe. Msingi wake ni ile kanuni tuliyoizoea, kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake. Wengi wetu tunaposoma fatwa hii tunasoma neno "inaruhusiwa" na kufunga ukurasa. Masharti ndiyo fatwa yenyewe. Maskini asiye na ndugu hakuridhia, na warithi hana wa kuridhia kwa niaba yake. Yaani yule hasa ambaye mfumo wote unamtegemea ndiye ambaye ruhusa haikumfikia. Na sharti la kuzika halina tarehe ya mwisho. Mfupa wa mwaka 1950 bado unasubiri.

Hapa nitoe hoja yangu waziwazi ili anayepinga ajue pa kupinga. Kifaa thamani yake ni kazi yake. Hapa Kisenyi jambo hili halihitaji mwalimu: mashine ya kusaga iliyokufa inapelekwa kwa wauza vyuma chakavu, inapimwa kwa kilo, na jioni ni sufuria au jiko la mkaa. Hakuna anayeililia, wala haipaswi kuliliwa. Pembe ya kuumikia, ile waliyoiita wazee chuku, ilipokuwa mikononi mwa mwumikaji ilikuwa dawa. Leo wapiga hijama wa mtaani kwetu wanatumia vikombe vya plastiki, na pembe imebaki makumbusho na katika msemo wa "kupiga chuku", ambao vijana hawajui kwamba uliwahi kuwa na damu ndani yake. Pembe haikudhulumiwa. Kazi yake iliisha. Mtu hana kazi ya kuisha. Mwenyezi Mungu alipotaja kwamba amewatukuza wanaadamu hakuweka sharti la uhai, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja akiwa hai. Kwa hiyo tunapoliweka fuvu katika orodha moja na darubini na koleo, tunasema uongo mdogo ambao kila siku unatuzoesha uongo mkubwa zaidi. Mwanafunzi anayezoea kumwita maiti kifaa, atakapofika wodini atamwita mgonjwa "ini la kitanda cha nne". Nimeshasikia.

Mtaani Kisenyi yupo mzee wa Kinubi ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiosha maiti. Nilimwendea kwa sababu nilitaka kujua mtu anayewashika wafu kila juma anawaitaje. Nilimweleza habari ya mifupa. Nilitegemea akasirike.

"Mwanangu," akasema, "wewe unasoma kwa mifupa hiyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ukimaliza utatibu watu wa hapa?"

"Inshallah."

"Basi wamekufanyia kazi. Mfanyakazi analipwa kabla jasho halijakauka, sivyo? Wao hawana jasho tena. Utawalipa nini?"

Nikasema labda dua. Akacheka kidogo. Akasema dua ni nzuri, lakini yeye dua huomba baada ya kuosha, haombi ili asioshe. Kisha akanionyesha daftari lake. Ni daftari la kawaida la shule. Kila aliyemwosha ameandikwa humo: jina, jina la baba, siku. Kisenyi ni mtaa wa wapita njia. Kuna Wasomali waliokimbia vita, Wakongomani, vijana wa kutoka vijijini wanaobeba magunia mchana na kulala penye nafasi usiku. Wengine hufa bila yeyote kujua kwao ni wapi. Hao nao wamo. Palipokosa jina ameandika kinachojulikana: mwanamume, shati la kijani, alikuwa akibeba mizigo, aliitwa na wenzake kwa jina la utani, akalitaja. Nikamwuliza anaandika kwa ajili ya nani. Akaniambia mwosha huoshwa, na yeye naye angependa kuandikwa.

Daftari lile ni hifadhi ya kumbukumbu bora kuliko makala ya Felkin, na nasema hivyo nikiwa na heshima zote kwa Felkin.

Sasa swali gumu: mifupa iliyomo makabatini leo tuifanyeje? Wapo watakaosema izikwe yote kesho. Mimi siko huko. Haja ya elimu ipo, na kuna mengi ambayo mfano wa plastiki haufundishi, hasa tofauti kati ya mtu na mtu. Lakini haja nayo ina kadiri yake. Mfupa uliokwisha kupimwa na kupigwa picha za kila upande, au uliovunjika hata haupimiki, unakaa kwa haja gani? Huo umebaki kwa mazoea, na mazoea hayahalalishi kitu.

Kuna watakaosema tena: hatujui nani kati yao alikuwa Mwislamu, basi si jukumu letu. Jambo hili mafakihi wa Shafi'i, ambao ndio madhehebu ya wengi wetu hapa na pwani yote, walikwisha kulijibu zamani. Maiti wa Kiislamu wakichanganyika na wasiokuwa Waislamu na haiwezekani kuwatenganisha, wote wanaoshwa, na sala inasaliwa kwa nia ya kuwakusudia Waislamu waliomo. Nikipata kiungo kimoja tu cha Mwislamu aliyejulikana kufa, nacho kina haki yake. Yaani kutojua hakukuwapunguzia kazi wazee wetu, kuliwaongezea. Na kuhusu wasio Waislamu waliomo, kumbukeni Mtume alivyosimama jeneza la Myahudi lilipopita, na alipoambiwa kwamba ni Myahudi akauliza kama naye si nafsi.

Nilipolieleza hili kwenye kikao cha jumuiya, dada mmoja wa mwaka wa nne wa sheria alinipinga vizuri. Alisema ninafanya heshima ya wafu iwe kimbilio la kutotazama walio hai: mtu wa Kisenyi anakufa peke yake kwa sababu aliishi peke yake, na mimi ninahangaika na sanduku lake badala ya chumba chake. Sina jibu kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba nimewaona watu wa namna mbili: wanaokwenda mazikoni, na wasiokwenda, na wale wanaokwenda ndio hao hao wanaojua nani mtaani ni mgonjwa. Mzee wa daftari anajua vyumba vyote. Lakini nakubali kwamba hoja yake haijaisha, na ningependa aiandike katika toleo lijalo.

Kwa sasa napendekeza mambo ambayo jumuiya inaweza kuyafanya bila kusubiri mtu. Kwanza, tuombe kwa adabu idara itueleze orodha za mkusanyo zinasema nini kuhusu kila mtu: jina kama lipo, mwaka, mahali alipofia. Kama kuna majina ya Hamisi na Zaituni humo, tuyajue. Pili, mwanzoni mwa kila mwaka wa masomo, kabla mwanafunzi hajashika mfupa, aambiwe ulikuwa wa mtu na ulifikaje hapo. Dakika tano zinatosha. Tatu, tuwe na mfuko wa sanda. Bei ya sanda, usafiri wa gari na kaburi tunaijua. Ni kidogo kuliko tunachotumia kwa mabango ya Wiki ya Uislamu. Na pawe na namba ya simu ambayo muuguzi wa zamu Mulago anaweza kuipiga anapopata maiti mwenye jina la Kiislamu na hana mtu, ili kabla hajaandikwa kuwa hadaiwi, awe ameulizwa mmoja wetu.

Ubao wa al-Zahrawi ubaki. Naupenda. Ila mwaka ujao nitaomba nafasi ya karatasi moja zaidi kando yake, ya yule mama wa Kahura, nikiandika umri wake, uzazi wake wa kwanza, na siku ya 11, na mahali pa jina niache mstari mtupu.